Malina Kajivua Gamba

Benchi letu liko mbele ya mlango wa B, kwenye maghorofa ya zamani hapa Ruse, kando ya Mto Danubi, hatua kumi na mbili kutoka kwenye mashine ya kahawa. Najua ni kumi na mbili kwa sababu Rula alizipima. Ukikaa benchini unautazama mlango, na mlangoni ndipo tunapobandika matangazo ya marehemu wetu: siku arobaini, miezi mitatu, mwaka. Mwezi huu wa Mei aliyekuwa akitutazama kutoka kwenye picha pale ni Mwalimu Nevena, miwani puani, "Miezi mitatu bila yeye". Sisi wa benchini tuko wanne. Mimi naitwa Breki, nimeendesha basi la umeme miaka thelathini na moja, na mpaka leo nikikaa mguu wa kulia unatafuta pa kukanyaga. Kapteni jina lake ni Radoy, na hajawahi kuongoza hata mtumbwi. Alikuwa fundi wa injini, chini kabisa kwenye tumbo la tishari la Danubi. Daktari ni Mama Zlatina, aliyechanja kuku wa shamba la serikali hadi shamba likafa. Na Rula ni Asparuh, mume wa Nevena, mchoraji wa ramani za meli, mtu anayekata mkate kana kwamba kesho utakaguliwa.

Jumamosi ile Rula alishuka akiwa amenyoa nusu ya uso. Alikaa mwisho wa benchi, akapokea kahawa niliyomshikia, hakuinywa.

— Nywele za shavu la kushoto umemwachia nani? Kapteni alimuuliza.

— Amenitishia tena, Rula akasema. Nimefungua kifuniko tu, kanyanyua miguu ya mbele juu, hivi. Kama anasali, lakini si kusali.

— Nani?

— Nina nani mwingine ndani?

Aliyebaki ndani kwa Rula alikuwa Malina, buibui wa Mwalimu Nevena, tarantula, mpana kama sahani ya kikombe na manyoya kama ya dubu mchanga. Nevena alimnunua mwaka aliostaafu kufundisha baiolojia, akiwa mdogo kama punje ya dengu. Miaka kumi na minne alimlea kwenye sanduku la kioo katika chumba kidogo cha nyuma. Sisi sote tulikuwa tumewahi kwenda kumshangaa. Mwalimu aliweka kiganja chini, Malina akapanda polepole, mguu mmoja mmoja, akatulia pale. Asiyeingia kamwe chumba kile alikuwa Rula. Aliwaogopa buibui toka utotoni, na walikubaliana yeye na mkewe: mnyama abaki, ila mlango ufungwe.

Nevena alipofariki mwezi wa pili, binti yao wa Varna alisema kwenye simu, "Baba, mtoe huyo mdudu." Ikapangwa kwamba aje mtu wa kumchukua, mwanafunzi wa zamani wa Nevena, anayefanya kazi kwenye kituo cha watoto chenye wanyama. Siku aliyotakiwa kuja ni hiyohiyo Jumamosi.

— Nilitaka niseme namkabidhi mzima, Rula akasema. Sasa nitamwambiaje? Hajala tangu mwezi wa tatu. Alikuwa mpole, sasa mkali. Amejifungia kwenye pango lake, kaziba nusu ya mlango kwa udongo. Mpaka tarehe tano alikuwa buibui mmoja, toka tarehe tano ni mwingine.

Tarehe tano hiyo sote tuliijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja. Ilikuwa siku moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Rula alishuka ngazi na boksi la viatu, uso umesawajika. "Amekufa," akatuambia. Tukafungua. Malina alikuwemo, miguu yote minane imetawanyika, manyoya yote, meno yote. Tulichimba kando ya mawaridi ya Daktari. Kapteni alivua kofia, Daktari akamwaga divai kidogo ardhini, akasema Mungu amrehemu, maana hakujua buibui wanaombewa nini. Na Rula, ambaye kwenye maziko ya mkewe alisimama wima kama nguzo na kumshukuru kila mtu kwa jina, pale mbele ya boksi la viatu alipiga magoti akalia kwa sauti. Tuligeuka pembeni tukamwacha. Nusu saa baadaye alipanda kwenda kusafisha sanduku tupu la kioo, na chini ya gome la mti kitu kikanyanyua miguu ya mbele.

Tulikuwa tumezika ngozi.

— Mimi nilisema tangu siku ile, Kapteni alianza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ngozi ya zamani ilikuwa nzuri, ina adabu. Kaiacha, kavaa mpya, ona sasa.

— Kapteni, hiyo methali haiendi hapo.

— Inaenda kwenye ngozi yoyote, Breki. Wewe endesha basi lako.

— Mimi naliona kitabibu, akasema Daktari, akitema ganda la mbegu ya alizeti. Kuku akinyonyoka manyoya huwa hataki kushikwa. Anaona aibu. Huyu yuko uchi, bwana. Ungekuwa wewe uko uchi, mtu anakufungulia kifuniko, usingenyanyua miguu?

— Mimi ningenyanyua yote minane! Kapteni akasema.

— Kuku hatoki mzima mzima akaacha maiti yake nyuma, Rula alisema.

— Ndiyo nilikuwa nakuja hapo, Kapteni akasogea mbele. Sikilizeni. Siyo Malina huyo. Malina tulimzika, Mungu amrehemu. Huyu ni mtoto wake. Alikaa tumboni miaka yote kumi na minne, mama alipochoka akapasuka, mtoto akatoka amekamilika. Kwenye tishari tulikuwa na panya wa namna hiyo.

— Acha kamba zako! Panya gani anazaa panya mwenye saizi yake?

— Wa Danubi. Wewe umeishi barabarani utajua nini?

Rula hakucheka. Alikizungusha kikombe mkononi, robo duara, kisha robo duara nyingine.

— Nawaambia ninachofikiri mimi, akasema taratibu. Toka Nevena aondoke hajala vizuri. Mwezi wa pili alikula mara moja, mwezi wa tatu akakataa kabisa. Tumbo likanyonyoka manyoya, likawa jeusi. Mimi nikasema, analia msiba. Kumbe kuna kiumbe mwingine humu ndani anayelia msiba. Nilikuwa naingia chumbani pale... nilikuwa naingia, jamani, mimi! Nakaa kwenye kiti chake Nevena, namwambia Malina, hata mimi sijala. Halafu anajivua, na akimaliza kujivua ananikataa. Ananirushia manyoya yake, mikono inaniwasha siku mbili. Kama vile mwanzo alikuwa anamsubiri Nevena, na sasa amejua kwamba aliyebaki ni mimi.

Daktari aliacha kutafuna.

— Sikiliza, Asparuh, akasema, na alikuwa hamwiti kwa jina hilo ila kwenye mambo mazito. Bibi yangu alisema roho ya marehemu huzungukazunguka siku arobaini. Ikikosa pa kwenda, inaingia kwenye kilicho karibu. Mimi sisemi kitu. Nasema tu, Nevena naye alikuwa hapendi kufunguliwa mlango bila hodi.

— Daktari! nikamkanyaga mguu.

— Nimesema sisemi kitu!

— Basi kama ni Nevena, Kapteni akadakia, ndiyo maana amenuna. Miezi mitatu mume anakula sadini za kopo kwenye nyumba ya—

— Radoy, Rula akasema. Tosha.

Kapteni akakatiza hapo. Alitazama picha ya mlangoni, akatazama viatu vyake. Ni mtu mzuri, ila mdomo wake hauna nanga.

Nilitaka kubadilisha mazungumzo, nikauliza nililodhani ni jepesi:

— Wale nyenje niliokuletea jana? Amekula?

Nyenje hao wa chambo nilikuwa nimewaleta mimi, kutoka duka la vifaa vya uvuvi, kwenye kopo lenye matundu. Na wazo lilitoka kwetu sote. Ijumaa nzima tulimwandama Rula: mlishe, mlishe. "Mwenye njaa hana miiko," Kapteni alisema, na kwa mara ya kwanza tulikubali kwamba methali yake imekaa. Daktari alisema mgonjwa akikataa chakula unamwekea mdomoni. Rula alikuwa anasita, sisi tukamsukuma.

— Nimemwekea mmoja leo asubuhi, Rula alisema. Mkubwa kuliko wote. Anarukaruka humo. Malina hamgusi, anarudi nyuma tu. Nimemwachia, labda mchana atasikia njaa.

— Samahani, sauti ikasema nyuma yetu. Mlango wa B ndio huu?

Tuligeuka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele fupi, begani mfuko wa turubai, mkononi sanduku dogo la plastiki lenye matundu juu. Macho yake yalikuwa yameshafika mlangoni, kwenye tangazo. Aliliangalia kwa muda, akaweka sanduku chini.

— Hiyo picha nilimpiga mimi, alisema. Kwenye safari ya shule. Naitwa Kremena. Namtafuta Mzee Asparuh.

— Karibu, binti, Rula akainuka, akajishika shavu lisilonyolewa kwa aibu. Ni mimi. Lakini nakwambia mapema, huyo uliyemfuata si yule. Amebadilika. Amejivua.

Uso wa Kremena ukabadilika.

— Amejivua lini?

Hapo ndipo benchi zima lilipoanza kuzungumza kwa pamoja. Kapteni alisema wiki, Daktari akasema siku kumi. Rula, mtu wa vipimo, alisema anajua siku aliyoona ngozi, siyo siku iliyovuliwa, maana usiku ule hakuingia.

— Ngozi uliona lini, mzee?

— Jumanne. Kesho yake ilikuwa sikukuu, walichoma kondoo mtaa mzima.

— Siku nne, akasema. Na chakula? Hujamwekea chakula, sivyo?

Rula alifungua mdomo. Kisha akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, na ni mimi niliyejibu, kwa sababu nyenje walikuwa wangu.

— Kamwekea. Nyenje mzima. Leo asubuhi.

— Ghorofa ya ngapi?

— Ya tano. Lifti imekufa.

Hakungoja. Alipanda ngazi mbili mbili, Rula nyuma yake, mimi nyuma ya Rula, na Kapteni nyuma yangu akihema kama injini aliyokuwa akiitunza. Daktari alibaki chini na magoti yake, akipiga kelele, "Kuna nini? Kuna nini jamani?" Kwenye ghorofa ya tatu Kremena alisema bila kugeuka, pumzi zikikatika:

— Akijivua, anakuwa laini mwili mzima. Mpaka meno. Hawezi kuuma, hawezi kujitetea. Nyenje akipata njaa, anamla yeye.

Nilimwona Rula akishika kikingio cha ngazi. Akaongeza mwendo.

Chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Kiti cha Nevena, shali yake juu ya kiti, sanduku la kioo kwenye meza. Udongo uliokuwa umeziba pango ulikuwa umechimbuliwa. Malina alikuwa amebanwa kwenye pembe, miguu ameikunja chini yake, na nyenje alikuwa amempanda mguu wa nyuma, kichwa chini, akitafuna.

Kremena alitoa koleo ndefu nyembamba mfukoni mwake. Aliinua kifuniko kwa upole, akasubiri, akashusha koleo, akamnasa nyenje kiunoni akamtoa. Malina alinyanyua miguu ya mbele, nusu tu, akashindwa, akairudisha.

— Nishikie taa, mzee.

Rula akashika tochi ya simu. Alisogea karibu kuliko nilivyowahi kumwona akisogea kwa mdudu yeyote. Kremena aliinama hadi pua ikakaribia kioo.

— Meno bado mekundu, akasema. Yakishakomaa yanakuwa meusi. Mguu umechubuka, kuna tone moja. Akitoka damu nyingi anakufa. Hili tone limeganda.

— Atakufa?

— Tungoje.

Tulingoja. Mimi na Kapteni tulisimama mlangoni kama watoto waliovunja dirisha la jirani. Kapteni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na mfano wa kutoka Danubi. Kremena alijaza maji kwenye kisahani kilichokauka, akakisogeza taratibu. Muda ukapita, sijui kiasi gani. Rula peke yake ndiye aliyekuwa na saa na hakuitazama. Kisha Malina akanyoosha mguu, mwingine, akajikokota hadi kwenye maji, akalaza uso wake pale ukingoni, akatulia.

— Anakunywa, Kremena alisema. Alikuwa na kiu.

Rula alizima tochi.

Tulipotelemka, Daktari alikuwa amenunua kahawa tano na zimeshapoa. Nilimweleza. Alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, akasema, "Kuku elfu ngapi nimetibu, na nimemshauri mtu amuue buibui wake." Hakuna aliyemtania.

Kremena alikaa katikati ya benchi, kati yangu na Rula.

— Hakuna aliyekosa kwa ubaya, alisema. Watu wengi hufanya hivyo. Kukataa chakula kabla ya kujivua ni kawaida, hata miezi miwili. Tumbo kuwa jeusi, kawaida. Kujificha, kuziba mlango, kutishia, yote ni kwa sababu anajijua hana kinga. Mwacheni wiki mbili, tatu. Maji tu. Meno yakiwa meusi ndipo ale.

— Na upole wake? Rula aliuliza. Utarudi?

— Pengine. Wengine wakijivua hurudi walivyokuwa, wengine hubadilika moja kwa moja. Mpole anakuwa mkali, mkali anatulia. Hakuna anayejua sababu.

— Kwa hiyo si kwamba amenikataa mimi.

Niliona Kremena anachagua maneno.

— Mzee, yeye hakujui. Sitaki nikudanganye. Hakumjua hata mwalimu. Alikuwa anapanda kwenye kiganja kwa sababu kiganja kilikuwa na joto na hakikutikisika. Mwalimu mwenyewe ndiye alitufundisha kwamba buibui ndivyo walivyo.

Nilidhani lile litamvunja. Rula alitikisa kichwa polepole, akaangalia mikono yake iliyokuwa na vipele vya manyoya ya Malina.

— Basi hakuwa analia msiba, akasema.

— Hapana, mzee.

— Nilikuwa peke yangu mle ndani.

Daktari akamsogezea mbegu za alizeti. Gari la taka lilipita likaenda.

— Siwezi kumchukua leo, Kremena akasema baadaye. Akitikiswa njiani sasa hivi atakufa. Atakaa kwako mwezi hivi, kama utakubali. Na ningependa kujua zaidi, maana kila buibui ana desturi zake. Huyu amejivua labda mara ishirini mikononi mwa mwalimu. Mara zile za nyuma, akishajivua, alikuwa anakuwaje? Siku ngapi kabla hajala? Alikuwa mkali?

Tukamtazama Rula. Kapteni akamtazama, Daktari akamtazama. Miaka kumi na minne, nyumba moja, chumba kimoja katikati.

— Sijui, Rula alisema.

— Mwalimu hakukusimulia?

— Alikuwa anaanza. Mezani, chakula cha jioni. Anaweka kijiko chini, anasema, "Asparuh, leo Malina..."

— Halafu?

Rula aliangalia mlango wa B. Sisi tunaojua kila kitu, sisi tunaoweza kueleza panya wa Danubi na roho za siku arobaini, hatukuwa na la kumsaidia. Swali lilikuwa la neno moja na lilibaki pale benchini, limekaa kati yetu kama mtu wa sita.

Mwishowe Rula aliokota kikombe chake cha kahawa iliyopoa, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja, akakiweka chini. Akageuza magoti yake kumwelekea Kremena, kama mtu anayekaa vizuri mezani.

— Binti, akasema. Huko darasani alikuwa anawaambia nini kuhusu hawa? Anza mwanzo. Usiruke kitu.

Kremena akaanza. Kapteni alifungua mdomo mara moja tu, na Rula, bila kumtazama, akainua kiganja kumnyamazisha. Alisikiliza hadi jua likahama mlangoni likatufikia miguuni, na safari hii hakukatiza hata neno.